Mama alipopoteza Kiswahili, na programu yangu ya Kinyiramba ikamsikia vibaya

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi humu huwa napita, nasoma, natoka kimya. Leo nina langu. Yamenikuta mwenyewe, nimebadili jina moja tu, la mama yangu mdogo, maana watoto wake wamo humu.

Kazi yangu ni kompyuta. Tuko timu ndogo Dar, tunatengeneza akili bandia ya lugha za Kiafrika. Unaongea lugha yako, mashine inasikiliza, inakuandikia kwa Kiswahili.

Mimi nilipewa Kinyiramba kwa sababu ya jina la ukoo. Lugha yenyewe nilijua salamu na matusi.

Nieleze hapo kidogo. Wazazi wangu ni watu wa Nduguti, lakini baba alikuwa reli, tukakulia Kintinku, kwa Wagogo. Enzi zile za ubinafsishaji, kila kitu anapewa mwekezaji, baba naye akapunguzwa kazi. Akasema humu ndani sasa ni Kiswahili na Kiingereza, hiyo nyingine haimpi mtu ajira. Mama akatii. Kinyiramba akabaki nacho kwa mdogo wake tu, akija kutembea, wakiwa jikoni wawili.

Baba alishafariki. Mama yuko Kintinku na mbuzi wake na kuku.

Turudi kazini. Mashine ikijifunza lugha inahitaji sauti nyingi pamoja na maandishi yake. Kinyiramba tulichokipata kwa wingi kilikuwa cha kanisani: mahubiri na masomo, wanaume wakisoma taratibu. Tukaifundisha kwa hayo, tukaipima kwa hayo hayo. Ikafaulu. Bosi akafurahi, tukapangiwa demo mbele ya wafadhili.

Wiki hiyo ya demo jirani akapiga simu. Mama kaanguka uani, yuko hospitali Manyoni. Kiharusi.

Nikapanda basi. Kufika wodini nikamwamkia, "Shikamoo mama."

Akanitambua, machozi yakamtoka. Akaanza kuongea, na ni Kinyiramba kitupu.

Nikamwomba aseme Kiswahili. Akajaribu, mdomo umeenda upande. Kikatoka Kinyiramba tena. Akapiga godoro kwa mkono ule mzima.

Nesi akasema, "Ndivyo alivyo tangu aletwe. Tumeulizia wodi zote, tuliopo ni Wagogo na Wasukuma. Wewe mwanawe si unamwelewa?"

Nikasema hapana.

Daktari alinifafanulia kuwa hutokea. Ubongo ukiumia, lugha ya utotoni inaweza kubaki na ile ya baadaye ikapotea, kwa muda au moja kwa moja.

Nikampigia mama mdogo, Eliwaza, yuko Nduguti. Hapatikani.

Sasa mama alikuwa anakataa kula. Nikimpelekea kijiko cha uji anasema sentensi ile ile, anageuza uso. Tukimbembeleza anameza kidogo, anakohoa. Tukadhani ni mafua. Homa ikaanza kupanda.

Nikafungua laptop. Nikamwekea kinasa sauti karibu na mdomo, akasema sentensi yake.

Mashine ikaandika: "Mwokozi ameufunga mlango."

Nikarudia. Ikaandika: "Mlango wa amani umefungwa." Na kipimo cha uhakika, kile mashine inachojipa yenyewe, kilikuwa juu kabisa.

Nesi akachungulia juu ya bega langu, akasoma. Akasema kwa upole, "Kaka, mama anaaga. Mwite mchungaji."

Mashine ile nimeitengeneza mwenyewe, najua ilichokula. Bado nilimwita mchungaji.

Akaja, akaomba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza tu, akairudia sentensi yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka kujirudia.

Hapo ndipo nilipoona huyu haagi. Huyu anagomba.

Nikampigia mwenye duka ambako Eliwaza huchajisha simu. Akampelekea ya kwake nyumbani. Nikaweka sauti ya nje, nikaisogeza kwa mama. Wakaongea kidogo tu.

Eliwaza akaniambia, "Anasema uji unampalia. Unashukia kifuani. Anasema mtamuua. Acheni kumlisha."

Nesi akaondoa bakuli bila kusubiri mtu. Daktari akaja, akampima kumeza kwa maji kidogo, akasimamisha chakula cha mdomoni. Akawekewa mpira wa puani wa kulishia, akaanzishiwa dawa ya mapafu. Alisema tungeendelea na kile kijiko, tungempoteza.

Kesho yake Eliwaza akafika, kapitia Singida. Nikamweleza mashine ilivyoandika, naye akamwambia mama. Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema neno.

"Anasema mashine yako ni mwinjilisti," Eliwaza akanitafsiria. "Haijawahi kuugua."

Demo sikwenda. Bosi alitaka iendelee maana vipimo ni vizuri. Nikamwambia vipimo ndivyo vilivyomwita mchungaji. Ikaahirishwa, mfadhili mmoja akajitoa.

Mama alipopata nafuu nilihamia Nduguti kwa muda. Kwa ridhaa yao tukarekodi akina mama wakiuza vitunguu, wakigombeza watoto, wakieleza wanavyoumwa.

Tukaongeza na kitu kimoja. Mashine isiposikia vizuri, inasema haijaelewa, inaomba urudie. Hilo tulilibishania na bosi kuliko yote. Yeye anasema mteja hanunui mashine inayosema sijui. Mpaka leo hatujaelewana, ila imebaki hivyo.

Mama anatembea kwa fimbo. Kiswahili kimemrudia vipande vipande. Mimi ananisemesha Kinyiramba, nikikosea neno hanijibu mpaka nilitamke sawasawa. Juzi nilimaliza maelezo marefu bila kukwama. Akanitazama, akasema naongea kama Mgogo.

Nilichojifunza ni kwamba mashine inasikia kile tu ilichofundishwa, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Mzazi wako akiwa na lugha usiyoijua, kaa naye jikoni mapema.

Mliolelewa Kiswahili kitupu kama mimi, mzazi akiugua mnaelewanaje? Na wahudumu wa afya mlio mikoani, mgonjwa wa namna hii mnafanyaje? Andikeni hapo chini, nasoma yote.