Jenereta ya Nyumba ya Wazee

Ijumaa, tarehe 9 Januari 1998. Mvua ya barafu, siku ya tano. Miti imeinama hadi kugusa ardhi, na nguzo za umeme za barabara ya juu zimevunjika kama njiti za kiberiti.

Asubuhi hiyo, katika nyumba ya wazee ya Sainte-Hermine, kusini mwa Mto Saint-Laurent, joto la chumba cha kulia lilikuwa nyuzi sita. Ghislaine Thivierge alisoma kipimo mara mbili, akaandika, kisha akamvisha Bi Rollande kofia ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Sasa nimekuwa kabichi," Bi Rollande alisema.

"Kabichi haina mdomo mrefu hivyo."

Ghislaine alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza humo ndani, akiwaogesha na kuwalisha watu wa kijiji chake, na wengine akiwafumba macho. Hakuwa mtu wa kelele. Mumewe alizoea kusema kwamba Ghislaine akikasirika hupanga makabati. Wiki ile alikuwa amepanga yote, na stoo pia.

Wazee sita walikuwa wamechukuliwa na jamaa zao wenye majiko ya kuni. Walibaki wawili wasio na mtu: Bi Rollande, na Anselme Gadbois, mfugaji wa zamani, miaka themanini na mmoja, ambaye mapafu yake hayakufanya kazi bila mashine ya oksijeni. Mashine ilitaka umeme. Tangu Jumatano mzee alikuwa anapumulia mitungi ya akiba, na ilipofika saa saba mchana mshale wa mtungi wa mwisho uliingia kwenye nyekundu. Ilibaki hewa ya saa mbili, pengine mbili na nusu. Hospitali ilisema gari la wagonjwa haliwezi kuvuka mto, na haijulikani litaweza lini.

Kumbe nyumba ile ilikuwa na jenereta yake. Lakini haikuwapo. Jumatano mwenye nyumba, Réjean Courtemanche, aliikokota kwa tela akampelekea kaka yake Lionel, kwa ajili ya ng'ombe. "Saa mbili tu," alisema. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo wafugaji walivyokuwa wakifanya wiki ile: jenereta moja ilizunguka zizi hadi zizi, na orodha ya zamu ilibandikwa mlangoni. Ng'ombe asipokamuliwa, kiwele huvimba, na kila mtu Sainte-Hermine anajua hilo tangu utotoni. Ghislaine mwenyewe alisaidia kusukuma lile tela. Alhamisi alimpigia Réjean simu mara nne. Mkewe alijibu kuwa yuko zizini.

Alimzungushia Anselme mablanketi matatu, akamketisha kwenye pikapu ya mumewe pamoja na mtungi wake, akapakia mashine nyuma. Bi Rollande alikataa kuachwa. Kilomita mbili ziliwachukua dakika arobaini.

Zizini kwa Lionel mlikuwa na joto la pumzi za ng'ombe arobaini na mmoja. Nje, nyuma ya ukuta, jenereta ilikuwa inanguruma, lakini hakuna aliyekuwa akikamua; kabla ya zamu ya jioni zilibaki saa tatu nzima. Ghislaine akaona waya wa njano ukitoka kwenye jenereta, ukapita juu ya barafu hadi dirisha la jikoni. Akaufuata kwa macho. Dirishani kulikuwa na taa, televisheni, na Réjean, kitambaa shingoni, akila maharage.

Akauchomoa. Akachomeka mashine ya Anselme, akamkalisha mzee kwenye marobota ya nyasi kavu, na hakuinuka mpaka taa ya kijani ilipowaka.

Réjean akatoka mbio akiteleza. "Nani kachezea waya?"

"Mimi."

"Ghislaine? Umewaleta wazee kwenye barafu hii? Una wazimu?"

"Ulisema saa mbili, bwana. Leo siku ya tatu."

"Ni kwa ajili ya ng'ombe! Unajua ng'ombe asipo..."

"Najua. Niambie tu ni ng'ombe gani huyu anayetazama mpira wa hoki."

"Yule mwenye kitambaa shingoni," alisema Bi Rollande.

Lionel alikuwa amefika. Akagonga orodha mlangoni kwa kidole. "Orodha ni orodha, dada. Saa moja inakwenda kwa akina Desnoyers."

"Isome."

Akasoma. Arobaini na mmoja hapa, sitini kwa Desnoyers, thelathini na wanane kwa anayefuata.

"Na wazee wangapi?"

Lionel akaondoa kidole kwenye orodha.

"Nilidhani lile tanuru la mafuta linatosha," Réjean alisema.

"Tanuru linawashwa kwa umeme! Ulilinunua mwenyewe! Siku tatu hukuja hata kuchungulia. Bomba limepasuka, Bi Rollande analala na makoti mawili, na wewe unakula maharage kwa taa yao!"

Anselme akainua mkono. "Mwanangu, ng'ombe watangulie. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Na wewe nyamaza, Mzee! Sikukuvusha barafu yote hii uje kunifundisha adabu za wafugaji."

Anselme akashusha mkono. Midomo yake ilikuwa imeanza kurudiwa na rangi.

Saa moja jioni jenereta iliondoka kwa zamu yake, na Anselme akaondoka nayo: tela mbele, pikapu nyuma, zizi hadi zizi. Njiani alipumulia masalia ya mtungi. Kwa Desnoyers walimpa supu, na akawaambia wanakamua vibaya.

Jumamosi asubuhi, waliporudi zizini kwa Lionel, mvua ilikuwa imekatika. Réjean alimletea Ghislaine kahawa. Ghislaine aliiacha juu ya uzio ipoe. Alichukua penseli, na juu kabisa ya orodha, juu ya ng'ombe wote, akaandika: *Gadbois, Anselme. Nyumba ya wazee, saa zote ambazo hakuna anayekamua.* Akamkabidhi Réjean penseli, akasimama mpaka alipotia sahihi. Kisha akachota ndoo ya maji ya moto pale wanapooshea mitungi ya maziwa, akaenda kumwosha Bi Rollande nywele.