Fundi Aliyesikiliza Nguzo

Mwaka nilioanza kufundisha kijijini Mzenga, nilimwita fundi seremala mzee anisimamishie nyumba. Bei yake ilinishtua.

"Mzee, nguzo nimekata mwenyewe msituni. Ghali ya nini?"

Alichagua nguzo moja nene, iliyonyooka, akaigonga kwa nyundo huku ametega sikio.

"Hii imekufa, mwalimu."

Nilicheka. Akaipasua kwa shoka. Ndani ilikuwa unga mtupu, na wadudu wakitambaa.

Aligonga zote arobaini, akatenga kumi na moja. Nilizipasua mwenyewe, moja baada ya nyingine, nikitafuta kosa lake. Sikuliona. Nilibaki nimeduwaa, shoka mkononi, mbele ya mtu aliyesikia nisichokiona.

"Nimekubali bei yako, mzee," nikasema. "Anza kesho."