Nilivyofyeka Nyasi za Boma Siku ya Posa Yangu

Mimi ni mjinga, na msinibembeleze! Nasema haya kwa sababu najua huko mashambani wako wajinga wengine kama mimi, tena wamevaa tai.

Nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja huko Molo. Nilivaa viatu hata siku za kazi, nikajiona mtu. Wachungaji wa kondoo na wachuma pareto kwangu walikuwa takataka tu. Mungu anisamehe, hata salamu zao niliziitikia kwa shida.

Siku moja karani wa kodi akaja mpaka shambani. Akaweka meza mbele ya stoo, watu wakapanga laini, kila mmoja na kipande chake cha kitambulisho na risiti ya mwaka uliopita. Kiprono, mchungaji wetu, akaja mbio mpaka mlango wa jikoni.

"Mpishi, njoo! Nimekushikia nafasi."

"Nisimame na nyinyi mnaonuka kondoo? Mimi nitalipa Nakuru, ofisini, kama bwana."

Akacheka, akarudi kwa wenzake.

Ole wangu! Nikangoja mpaka siku za mwisho, wakati kila mvivu wa wilaya nzima amekumbuka kodi. Pale Nakuru laini ilitoka dirishani mpaka barabarani. Kufika mbele, karani anauliza, "Risiti ya zamani iko wapi?" Iko Molo, sandukuni. Rudi! Nikaileta. "Na barua ya bwana wako?" Sina. Rudi tena! Niliporudi na barua, dirisha limefungwa, ni sikukuu. Pesa ninazo mfukoni, viatu vinang'aa, na sina maana yoyote.

Na siku ya posa imefika. Rebeka, binti wa Mzee Yohana wa Ndabibi, nilimpenda mpaka chakula cha wazungu kikawa kinaniungulia jikoni. Nikajiambia, nani atamwuliza risiti mtu mwenye koti? Nikapanda gari la moshi na mjomba wangu.

Lo! Stesheni ya Naivasha askari aliniuliza mimi wa kwanza. Wenye miguu mitupu walionyesha karatasi zao wakapita.

Nikapelekwa bomani, kwenye ofisi za serikali, nikapewa panga nifyeke nyasi: ndiyo adhabu ya asiye na risiti, hata awe na pesa mfukoni. Hata koti sikulivua, kwa kiburi tu! Mjomba alisimama kando akinisonya.

Mara nasikia, "Huyu si mkwe wetu?"

Ni Mzee Yohana. Alikuja kulipa kodi yake asubuhi ili awahi kurudi nyumbani kutupokea. Akaniangalia viatu, akaangalia panga.

"Kodi ya kichwa chako kimoja imekushinda. Binti yangu utamtunza na nini?"

Akamwambia mjomba turudi tulikotoka.

Baadaye mjomba alienda Ndabibi kunisihia. Mzee hakutoka nje. Alitoka Rebeka mwenyewe.

Haya, wewe unayejiona bwana, sikia! Karani akija shambani, kimbia. Shika risiti ya zamani, shika barua ya tajiri wako, usimame nyuma ya mchungaji na ufunge mdomo. Ukingoja siku za mwisho utaaibika, na hakuna atakayekuonea huruma. Mimi mwenyewe sitakuonea.

Mnataka kujua Rebeka alimwambia nini mjomba? Alisema, "Mwambie nyasi alizifyeka vizuri. Kazi hiyo inamfaa."