Bibiche na kanyanga inayolala ndani ya pipa

Jua linachomoza upande wa Burundi, na uani kwake mjini Uvira, Bibiche Arakaza amepiga magoti mbele ya pipa la mbao. Anafungua bomba kidogo. Kinywaji chenye rangi ya chai kinadondokea kwenye glasi. Anakinusa, anafunika glasi kwa kiganja, ananusa tena. Haonji.

"Nangoja mama," anasema. "Yeye njo ataonja wa kwanza. Minye moyo iko inapiga!"

Moyo una sababu. Bibiche ni mpishi wa kanyanga, pombe kali ya mahindi, na mtambo anaopikia ni wa mama yake, Mama Nizigama wa Nyakabere, aliyemwachia alipochoka na moshi. Mwaka jana Bibiche aliharibu pipa zima. Mama akaapa kwamba akiharibu tena, mtambo unakwenda kwa mdogo wake Bibiche, Nicole. Leo linafunguliwa pipa la pili.

Lakini pipa la nini, jamani, wakati kanyanga ya huku huuzwa siku ileile inayotoka, ikiwa nyeupe kama maji? Swali hilo ndilo lililomleta mwandishi wa makala haya mpaka uani kwa watu asubuhi yote hii.

Yote yalianza na chupa. Mteja wa Bibiche, dereva wa lori aitwaye Térence, alimwonjesha bourbon, wiski ya Kimarekani. Hiyo ilikuwa imechanganywa kutoka mapipa mbalimbali, kisha ikamaliziwa ndani ya mapipa ya mbao zilizobanikwa kwa moto. Bibiche akaitia mdomoni, akashtuka.

"Nikasema, eh! Ni mahindi njo iko humu! Térence akacheka, akafikiri nimelewa. Minye nimekulia mu mahindi, nitaipotezaje? Ilikuwa kanyanga yetu, tu imevaa nguo ya harusi. Kuko vanila, kuko sukari ya kuungua, kuko mkate wa moto. Nikajiuliza, hii nguo wanaishonea wapi?"

Alipoambiwa siri ni pipa, alimwendea Gaspard, fundi wa mitumbwi ufukweni. Gaspard hakuwahi kutengeneza pipa maishani mwake, ila alikubali upesi. Walichagua mbao za mwembe, maana Bibiche alisema mti ambao watoto wanakula matunda yake hauwezi kuua mtu. Fundi akaunga mbao vizuri, halafu, kwa mazoea ya ziwa, akaziba kila ufa kwa pamba iliyoloweshwa mawese.

Hakuna aliyewaza mara mbili. Kanyanga ikalala humo miezi, ikatoka na mafuta mekundu yakielea juu.

"Ile pipa haikuvuja hata tone," Gaspard, ambaye naye amekuja uani leo, anajitetea, huku akicheka kwa aibu. "Lakini ndani ilikuwa mchuzi."

Safari hii pamba imepigwa marufuku. Mbao zilikazwa kwa pete za chuma. Ndani Gaspard akawasha moto mdogo wa maranda, mbao zikabanikwa polepole mpaka zikawa kahawia. Kisha pipa likajazwa maji hadi mbao zikavimba na kubanana zenyewe.

Na nani alijua moto umetosha? Jirani, Aziza, muuza udi na marashi. Aziza ni Mwislamu, kilevi hakigusi, na hilo alilisema kabla hajaombwa chochote.

"Pombe sinusi," anasema. "Pipa mupya, haijaingia kitu, ile ni mbao. Mbao nanusa."

Alitumbukiza kichwa ndani, akasema bado, warudishe moto. Alipotumbukiza tena, alitoka anatabasamu. Mwaka jana hawakumwita, na hajawasamehe. "Wangeniita ningewaambia, kuko muntu anakaanga ndagala humu!" Ndagala ndio dagaa wa huku.

Ndipo Bibiche akachanganya kanyanga yake, iliyo kali, na nyingine laini kutoka Kamanyola, akamwaga maji, akaijaza pipani ilale miezi. Matone ya kwanza ya mtambo huyamwaga daima. "Ile ni sumu, inaua macho," anasema, na hapo hacheki.

Pikipiki inasimama nje. Mama Nizigama anaingia, kitenge kimejaa vumbi la bonde la Ruzizi. Anaitazama glasi.

"Weye Bibiche, hii ni kanyanga ao ni chai?"

Hangoji jibu. Anamimina kidogo kiganjani, anasugua, ananusa. Anaweka tone kwenye kijiko na kuliwasha kiberiti. Mwali wa buluu, dalili kwamba ni pombe kweli. Ndipo anakunywa. Gaspard anaangalia miguu yake. Bibiche ameshika kifua.

Mama anakunywa tena.

"Mahindi iko wapi?"

"Imo, mama," Bibiche anajibu.

"Najua imo! Tamu njo inatangulia. Unafikiri imekwisha, kumbe mahindi inakuja nyuma, taratibu." Anageuka kwa fundi. "Papa Gaspard, aksanti."

Kisha anainama na kufunga bomba kwa mkono wake. Uzeni nusu, anaamuru, nusu ibaki humo mpaka mavuno ya mwaka kesho. "Nataka nijue itakuwa nini."

Bibiche anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, anacheka papo hapo. Mama yake, anasema, hajawahi kungojea kanyanga hata siku moja. Anataka kumwagiza Gaspard pipa la tatu, kubwa zaidi. Lakini kwanza ana swali.

"Na mtambo, mama?"

Mama Nizigama ameshainyoosha glasi aongezewe.

"Mutambo gani? Nicole ajitafutie yake."