Mkono wa Kushoto wa Shangazi

Miaka kumi na moja nimelisha tumbili wa maabara yetu, na muda wote huo Shangazi alichambua nywele za mtu mmoja tu, mimi. Shangazi ni tumbili jike, mtu mzima, sikio moja limechanika. Kila asubuhi nikimaliza kuosha sakafu niliegemeza kichwa kwenye wavu wa kizimba chake, naye akanitafuta chawa ambao sina.

Kisha akaja kijana mpya wa maabara, ambaye kwa miwani yake minene tulimwita Miwani. Ana diploma, ana sauti nzuri, na mfukoni ana zabibu kavu. Wiki yake ya pili niliingia na ndoo nikamkuta ameinamisha kichwa pale pale pangu, anachambuliwa.

"Karibu, mzee," akaniambia, kana kwamba mgeni ni mimi. "Shangazi kapata mchumba mpya."

Nilicheka kwa meno tu.

Nyumbani nilisukuma sahani kando. Mke wangu akanitazama.

"Ni yule tumbili?"

Nikajifanya natafuta chumvi.

"Miaka ishirini umenioa, hujanionea wivu hata siku moja. Leo unamwonea wivu tumbili!"

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Daktari wetu, mama mpole, alikuwa anatafuta njia ambayo amri ya kusogeza mkono hupita kutoka kichwani. Tumbili hulazwa usingizi, dawa kidogo sana huchomwa kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, kisha dawa husafiri ndani ya mshipa wa fahamu. Siku chache baadaye mashine ya MRI hupiga picha, na njia yote hung'aa. Kwa Shangazi, Daktari alitaka mkono anaoutumia zaidi. Kuuchunguza ilikuwa kazi ya Miwani.

Alhamisi, siku moja kabla ya sindano, Miwani alisoma karatasi yake mbele yetu. "Mkono wa kulia. Kila nikimpa zabibu, hupokea kwa kulia."

"Basi tunachoma ubongo upande wa kushoto," Daktari akasema. "Ndio unaoendesha mkono wa kulia."

Nilijua papo hapo kwamba amekosea. Shangazi ni wa kushoto. Kwa mtu asiyemwamini, mkono wake wa kushoto, wenye nguvu, hushika wavu tayari kuruka, na wa kulia ndio hupokea. Mimi mwenyewe nilipokelewa kwa kulia mwaka mzima. Nikakumbuka hata Miwani alipochambuliwa, ni mkono wa kulia tu uliofanya kazi, wa kushoto umeshika wavu. Kumbe mchumba bado hajakubaliwa! Nilifurahi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu.

Ningekaa kimya, picha ingeonyesha njia ya mkono usiotakiwa, na Miwani angeaibika mbele ya ofisi nzima. Nilikaa kimya kweli, mpaka Daktari akafunika kalamu. Kisha nikawaza kwamba sindano ingerudiwa, na wa kutobolewa kichwa mara ya pili si Miwani, ni Shangazi.

"Mama daktari," nikasema. "Samahani. Njoo uone."

Tukaenda kizimbani. Niliwaomba wasimame mlangoni, mimi nikakaa chini peke yangu na karanga kumi. Shangazi aliachia wavu, akapokea zote kumi kwa kushoto.

Daktari akafuta, akaandika upya. Miwani akanishika bega. "Umeniokoa, mzee." Nilitamani asingekuwa muungwana hivyo.

Picha ilipotoka, Daktari alinionyesha kwa kidole: uzi mweupe ulianzia upande wa kulia wa ubongo, ukashuka, ukavuka chini ya kichwa kwenda kushoto. Nikausindikiza kwa macho kama mtu anayeangalia barua yake ikisafiri.

Mwezi wa nane tangu siku ile, Miwani alinijia mbio, miwani imeteleza puani.

"Mzee! Leo Shangazi kapokea zabibu kwa kushoto!"

"Hongera," nikamwambia.

Nikaenda kuosha ndoo ambayo nilikuwa nimekwisha kuiosha.