Noti Nne za Chini

Wakati wa Wadachi, reli ilipokwisha kufika Dodoma, nilikuwa mpiga klarineti katika bendi ya boma. Simaanishi klarineti ndogo inayolia kama kuku aliyekanyagwa. Yangu ilikuwa ya alto, kaka yake mkubwa, nene, yenye shingo ya chuma iliyopinda. Niliitundika shingoni kwa mkanda, nayo ikinigonga goti kila hatua. Aliyeitengeneza huko Ulaya alikuwa amelirefusha bomba la chini ili itoe noti nne zaidi, nzito, ambazo klarineti nyingi za aina yake hazina.

Mwalimu wetu wa bendi, Mdachi mwenye sharubu zilizopakwa nta, alijua kila kitu. Alijua mvua ya Ugogo itanyesha lini, na isiponyesha alijua ni kosa la nani. Asubuhi moja ya kiangazi alisimama mbele yangu, akaikagua klarineti kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Noti hizi za chini zimeandikwa wapi kwenye kitabu?"

"Hazikuandikwa, Bwana."

"Basi bomba refu hili la nini?"

Alisema kweli. Nyimbo zetu zote za gwaride hazikushuka hadi huko. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishusha noti ya mwisho ya kila wimbo hadi huko chini, bila ruhusa ya mtu. Akanieleza kwamba bomba la ziada linanichelewesha kwenye mstari, na kwamba jeshi la Kaisari halibebi kitu kisicho na kazi. Nikalitazama tumbo lake. Akasema atamwita seremala wa reli aje na msumeno.

Hapo moyo ukanipasuka. Noti ile ya chini kabisa ilikuwa sauti ya marehemu baba. Kwetu Kondoa, baba akisema "Karibuni" mlangoni, vyungu vilitetemeka jikoni. Alifariki nikiwa tayari Dodoma, na habari ilinifikia wakati watu wameshaanua matanga. Nikiipuliza noti ile nilimsikia. Sasa hayo ungeanzaje kumweleza mtu mwenye nta kwenye sharubu? Nikamwambia tu, "Bwana, bila noti hizo wimbo hautulii."

Kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaniwekea mtihani. Kesho yake angetupa mgongo, nami nipige wimbo mmoja mara mbili: mara ya kwanza niishushe noti ya mwisho, mara ya pili nisiishushe. Akisikia tofauti, bomba litabaki. Asiposikia, msumeno.

Upepo wa Dodoma hukausha kila kitu, na vile vingozi laini vinavyoziba matundu ya klarineti vilikuwa vimekakamaa, pumzi inavuja. Mimi, fundi niliyejifundisha mwenyewe, nikavipaka samli. Samli nzuri ya Wagogo, ambayo mtu mwenye akili angeilia ugali. Vingozi vikalainika ajabu. Panya wa kambini nao wakaona hivyo hivyo. Asubuhi nilikuta matundu manne ya chini yako wazi, na vingozi vyake vimeliwa vyote.

Nikamwonyesha mpiga ngoma kubwa, Mgogo mrefu aliyekuwa rafiki yangu.

"Mrangi wewe, umewapikia panya," akasema. "Sasa utafanyaje?"

"Nitapiga. Nina njia nyingine?"

Bendi nzima ikajipanga. Mwalimu akatupa mgongo, mikono nyuma. Nikapiga wimbo, na mwisho wake nikabonyeza vibonyezo vya chini kwa dole gumba. Kwa kuwa matundu hayakuzibika, ikatoka noti ya kawaida. Nikapiga mara ya pili bila kubonyeza. Ikatoka noti ile ile. Tofauti haikuwepo hata ya kusingizia.

Akageuka, uso umejaa furaha.

"Ya kwanza nzito! Inatoka ardhini kabisa! Ya pili tupu." Akawauliza wenzangu kama na wao wamesikia. Wote walikuwa wamesikia. Mpiga ngoma kubwa aliapa kwamba hata magoti yake yamesikia. Bomba likabaki, nami nikasifiwa mbele ya watu kwa noti niliyoshindwa kuipiga.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini nilimtaka baba. Nikakata vingozi vipya vya mwanambuzi, nikavibandika kwa utomvu wa mgunga, samli nikaila. Wiki ile ile tulipiga mbele ya boma, na wafugaji waliokuja mjini wakasimama kututazama. Mwisho wa wimbo nikaishusha noti hadi chini kabisa. Ikatoka nzima, nzito, na nikaisikia "Karibuni" kama nimesimama mlangoni kwetu. Machozi yalinilenga.

Mwalimu akasimamisha bendi.

"Nani ameharibu? Kitu gani kinanguruma?"

Mpiga ngoma kubwa akatazama viatu vyake, naye hakuvaa viatu.

"Ni mimi, Bwana," nikasema. "Ndiyo ile noti uliyoisifu juzi."

"Ile niliisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Hii siyo."

Seremala alifika kabla ya adhuhuri. Akaniomba nilishike bomba lisicheze, nami nikalishika. Unga mweusi wa mti ulinidondokea miguuni. Alipomaliza akauchomeka ule mdomo mpana wa chini kwenye kipande kilichobaki, na mwalimu akaniamuru nipige. Nikapiga, nikaishia kwenye noti iliyoandikwa kitabuni.

"Je, si afadhali?" akauliza.

Wenzangu wote wakasema ni afadhali sana. Akabaki ananitazama mimi. Nikabana visigino, nikanyoosha mgongo.

"Afadhali, Bwana," nikasema.