Mchokozi wa Rangi Tatu

Dada yangu hatulii. Karakanani wanamwita Kiherehere, na mimi niliyekaa naye meza moja miaka kumi na tisa nasema jina limempata mwenyewe. Asubuhi ile alikuwa ameshainuka kitini mara nne, mara uzi umemwishia, mara dirisha linaleta vumbi, na ndoano bado tupu kwenye jiliwa, kile chuma cha kuibana mezani.

Tunatengeneza chambo cha manyoya kwa wavuvi wa besi, samaki wa ziwani mwenye mdomo mpana na hasira za karibu. Kipo kinachoiga wadudu, na kipo tunachokiita mchokozi: hafanani na kiumbe chochote, kazi yake ni kumwudhi samaki mpaka amng'ate. Wachokozi wawili wa dada walikuwa wamerudishwa, mmoja mweupe mtupu, mwingine mweusi mtupu, wamepooza kama chai ya jana. Wa tatu akikataliwa, dada anahamishiwa chumba cha kufunga maboksi. Kwake, heri afukuzwe.

"Dada, kaa basi! Unanitia kizunguzungu."

"Niache! Mtembea bure si sawa na mkaa bure."

Hatimaye akakaa. Akapekua kikapu cha mabaki, akafunga mkia, akazungusha uzi unaong'aa, akachomeka miguu ya mpira, akapaka kichwa rangi ya kucha ili fundo lisifunguke. Nilipochungulia nikashtuka: mkia zambarau, tumbo kijani, shingo ya chungwa! Nilitaka kusema, nikaogopa kumharibia.

Msimamizi wetu akaja mezani, akamwinua mchokozi kwenye mwanga. "Mama, huyu ndiye! Hata mimi kaniudhi. Nifungie ishirini na wanne kama huyu huyu, saa kumi niwakute."

Nikapiga makofi kwa furaha. Dada hakucheka. Alingoja msimamizi atoke, akayageuza manyoya kikapuni, akayarudisha, akayageuza tena.

"Mdogo wangu," akaninong'oneza, "nilitia rangi gani?"

"Acha utani! Zambarau, kijani na chungwa. Kwani hukuona?"

"Rangi zimenipotea machoni, mwezi wa tatu huu. Nilikuwa nachukua fungu moja tu kwa kila mchokozi nisikosee. Leo nimeshika tu kilichokuja mkononi."

Machozi yakanilenga. Akanisukumia kikapu.

"Usilie bwana, utatujazia watu. Nipe zambarau."